Pikipiki Kongwe Yapewa Pumzi Mpya

Pikipiki iliyoachwa bandani kwa miaka 40 haifi; hulala tu. Matairi hupasuka, petroli hugeuka kuwa gundi ndani ya kabureta, na panya huzaa chini ya kiti. Lakini chuma chenyewe husubiri. Siku moja kijana wa nyumba ile huliondoa turubai, huyatazama mapezi ya kupozea injini yaliyojaa vumbi, na wazo humwingia: je, haiwezekani chombo hiki cha babu kikarudi barabarani, tena kwa sura ya pikipiki ya mbio na kwa mtambo wa mafuta wa kisasa?

Yawezekana. Mafundi wa Uingereza, India na nchi nyingine nyingi wamekwisha kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo, wengi huianza kwa kinyume: hununua kwanza vitu vya kupendeza macho, kisha umeme, na breki huziacha mwisho. Pikipiki ni kama kikosi. Askari mmoja akiongezewa mwendo na wenzake wakaachwa nyuma, safu huvunjika. Ili mambo haya yaeleweke vema, na tuitazame pikipiki moja inayojulikana sana katika majeshi na polisi: Royal Enfield Bullet.

CHOMBO CHA ASKARI

Kampuni ya Royal Enfield ilianzia mji wa Redditch, Uingereza, na ilitoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901. Jina la Enfield lilitokana na kiwanda cha serikali cha bunduki kilichokuwa mahali paitwapo Enfield, ambacho kampuni hiyo ilikiuzia vipuri. Ndiyo maana tangazo lake lilisema kwamba pikipiki zake zimeundwa kama bunduki, na ndiyo maana jina Bullet, maana yake risasi, lilipotolewa mwaka 1932 halikumshangaza mtu.

Katika Vita Kuu ya Pili, kiwanda hicho kililihudumia jeshi la Uingereza. Miongoni mwa vyombo vyake ilikuwemo pikipiki ndogo ya sentimita za ujazo 125, iliyofungwa ndani ya fremu ya chuma na kudondoshwa kutoka angani kwa mwavuli pamoja na askari. Baada ya vita, serikali ya India ilitafuta pikipiki ya doria mipakani, ikaichagua Bullet. Mwaka 1954 iliagiza pikipiki 800 za sentimita za ujazo 350. Mwaka uliofuata kampuni ya Enfield India ilianzishwa mjini Madras, unaoitwa leo Chennai, ili pikipiki hizo ziunganishwe huko huko. Kufikia mwaka 1962 vipuri vyote vilikuwa vikitengenezwa India.

Kisha yakatokea mambo ambayo historia ya viwanda huyaona kwa nadra. Kiwanda cha mzazi, Redditch, kilifungwa mwaka 1967, na miaka michache baadaye kampuni ya Uingereza ikafa kabisa. Mtoto aliyeko Madras akaendelea kuishi, na mwaka 1977 akaanza kuiuzia Uingereza pikipiki zile zile ambazo Uingereza ilimfundisha kuziunda. Kwa sababu hiyo, Bullet yenye silinda moja na injini ya kupozwa kwa upepo inapatikana katika mabanda mengi ya dunia, na vipuri vyake havijawa adimu.

VIJANA WA MKAHAWANI

Sura ya mbio ambayo kijana wetu anaitamani ilizaliwa mahali pengine. Katika miaka ya 1950 na 1960, vijana wafanyakazi wa London walikuwa wakikutana usiku katika mikahawa ya kando ya barabara kuu. Uliovuma kuliko yote ni Ace Cafe. Ulifunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa na mabomu ya vita mwaka 1940, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969, na ukafunguliwa tena mwaka 2001. Hapo vijana walikunywa chai, wakasikiliza muziki, kisha wakashindana kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Pikipiki zao zikaitwa kafe-resa, yaani wakimbiaji wa mikahawani.

Sifa kubwa ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Ili kuifikia, waliondoa kila kitu kisichohitajiwa. Usukani mrefu uliondolewa na kuwekwa mishikio mifupi iliyofungwa kwenye foki za mbele. Vikanyagio vilisogezwa nyuma. Kiti kikawa cha mtu mmoja, chenye nundu nyuma. Tangi likawa refu na jembamba. Mwendeshaji alilala juu ya tangi ili upepo umpite. Wengine walifika mbali zaidi: walichukua injini ya Triumph wakaifunga katika fremu ya Norton, wakakiita chombo hicho Triton.

Royal Enfield haikuachwa nyuma. Mwaka 1964 ilitoa Continental GT ya sentimita za ujazo 250, pikipiki ya sura hiyo hiyo iliyotoka kiwandani ikiwa tayari. Ili kuitangaza, waendeshaji waliopokezana waliikimbiza kutoka John o' Groats, ncha ya kaskazini ya Scotland, hadi Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, kwa muda usiozidi saa 24.

Lakini haifai kuyasimulia hayo bila kusimulia upande wa pili. Vijana wengi wa wakati ule walikufa barabarani. Walikuwa na injini za kuwafikisha kilomita 160 kwa saa, juu ya breki na matairi yasiyotosha mwendo huo, tena wengi wao walipanda bila kofia ya chuma. Katika nyumba nyingi za London, mama alikaa akisikiliza mlio wa pikipiki ya mwanawe, na usiku mmoja mlio ule haukurudi. Anayeiga sura ya kafe-resa leo, na aukumbuke usiku huo.

BREKI KWANZA

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifungua pikipiki yote na kuipima; kununua kiti na tangi kutangoja. Fremu itazamwe kama ina nyufa kwenye maungio. Fani za magurudumu na za usukani zibadilishwe zikilegea. Foki zikaguliwe kama zimepinda. Injini nayo ipimwe mgandamizo wake, kwani mtambo wa kisasa wa mafuta hauwezi kuiponya injini yenye pistoni na valvu zilizochakaa. Ni kama kumpa mgonjwa nguo mpya.

Baada ya hapo, breki. Hesabu yake ni fupi, na kila dereva wa jeshi au polisi anapaswa kuijua. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba: pikipiki inayokwenda kilomita 120 kwa saa haina mara mbili ya nguvu ya ile inayokwenda kilomita 60, bali mara nne. Nguvu hiyo yote haina budi kugeuzwa kuwa joto ndani ya breki. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, chombo hupita mita 28 kila sekunde, kabla mkono haujaibana breki. Breki za dramu za Bullet za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya injini yenye nguvu za farasi 22 hivi, na zikipata moto hulegea. Anayetaka mwendo na afunge kwanza breki ya diski mbele, pamoja na foki inayoweza kuibeba.

Kuna mtego mwingine katika Bullet za zamani. Gia yake iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki za leo. Aliyezoea mpangilio wa sasa, akishtuka, atakanyaga gia akidhani amekanyaga breki. Vikanyagio vinaposogezwa nyuma, jambo hili liamuliwe mapema, na mwendeshaji ajizoeze uwanjani kabla ya kuingia barabarani.

KABURETA NA INJEKSHENI

Injini huishi kwa pumzi. Huvuta hewa, huichanganya na petroli, huichoma, na kuitoa. Kwa petroli ya kawaida, gramu moja huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Silinda ya sentimita za ujazo 500, ikijaa barabara mahali palipo usawa wa bahari, huvuta hewa ya gramu 0.6 tu, nayo huhitaji petroli ya miligramu 41 hivi. Ni chembe ndogo sana, na injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huihitaji zaidi ya mara 40 katika kila sekunde.

Kabureta huipima chembe hiyo kwa ujanja wa kale. Hewa ikipita kwa kasi katika koo jembamba, shinikizo hupungua, na petroli hunyonywa kupitia kitundu. Haihitaji umeme wowote, na fundi huweza kuisafisha kando ya njia kwa bisibisi na pumzi ya kinywa. Kasoro yake ni kwamba haiijui vizuri hali ya hewa. Chombo kikipanda kutoka pwani hadi mji ulio mita 1,700 juu ya bahari, hewa hupungua uzito kwa asilimia 15 hivi. Silinda ile ile sasa huhitaji miligramu 35, lakini kabureta huendelea kumimina karibu kama ilivyozoea. Moshi huwa mweusi, plagi hupata masizi, na petroli hupotea bure.

Injeksheni hufanya kazi kwa kuhesabu. Badala ya kabureta huwekwa koo lenye kilango cha hewa, na injekta, ambayo ni bomba dogo linalofunguliwa na umeme na kuipuliza petroli kama ukungu. Kompyuta ndogo huamua injekta ifunguliwe kwa muda gani, na kila kufunguliwa ni kwa elfu chache tu za sekunde. Ili iamue vema, huletewa habari na vihisi: kimoja hutazama kilango kimefunguka kiasi gani, kingine shinikizo la hewa, kingine joto la hewa, kingine joto la injini, na kingine hulisoma gurudumu lenye meno lililofungwa kwenye krenki. Jino moja au zaidi huondolewa makusudi katika gurudumu hilo. Pengo hilo likipita, kompyuta hujua pistoni iko wapi.

Katika injini ya silinda moja kuna ugumu wake. Shinikizo katika njia ya hewa hupanda na kushuka kila pistoni inapovuta, mfano wa kifua cha mtu anayekimbia. Kompyuta ikisoma wakati usiofaa, hupata jibu la uongo. Mafundi huchagua njia mojawapo: ama shinikizo lisomwe katika pembe ile ile ya krenki kila mzunguko, ama hesabu itegemee zaidi kilango cha hewa na mizunguko ya injini.

HESABU YA UMEME

Hapa ndipo wengi hukwama. Dainamo ya Bullet za miaka ya 1950 ilitoa wati 60 hivi, kwa umeme wa volti 6. Sasa tuhesabu mahitaji mapya. Pampu ya petroli, wati 50 hadi 60. Taa kubwa, wati 55. Kompyuta, injekta na koili ya kuwashia plagi, wati 30 hadi 40. Jumla yakaribia wati 150. Mwenye mapato ya 60 na matumizi ya 150 anakula akiba, na akiba ya pikipiki ni betri. Itazimika njiani, na injini ya injeksheni isiyo na umeme haiendi hata hatua moja.

Kwa sababu hiyo, umeme wa volti 12 pamoja na alteneta yenye nguvu ya kutosha na kidhibiti chake hutangulia injeksheni, wala haviifuati. Waya zote za zamani zitolewe. Kila mtambo upate fyuzi yake. Nyaya za vihisi zipitishwe mbali na waya wa plagi, la sivyo cheche itaichanganya kompyuta. Waya wa kurudisha umeme kwenye betri uwe mnene, na ufungwe juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi.

PETROLI YENYE SHINIKIZO

Katika pikipiki ya kabureta, petroli huteremka kwa uzito wake tu. Katika injeksheni husukumwa na pampu kwa shinikizo la ba 3 hivi, zaidi ya mara 100 ya lile la awali. Mpira wa kawaida wa mafuta utapasuka, na petroli itarukia injini yenye moto, chini ya mapaja ya mwendeshaji. Mipira, vibano na chujio viwe vya daraja la injeksheni; hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Aidha, kihisi cha kuanguka kifungwe, ili chombo kikilala ubavu pampu izimwe mara moja.

Tangi nalo huhitaji tundu la pampu, au njia ya kurudisha petroli ikiwa pampu imefungwa nje. Tangi lililowahi kuwekwa petroli lisichomelewe nyumbani kamwe. Hata likiwa tupu kwa miezi, mvuke uliobaki hulipuka kama bomu. Kazi hiyo ni ya fundi mzoefu anayejua kuliosha tangi na kuufukuza mvuke. Watoto wasiwe karibu, na akiba ya petroli isiwekwe jikoni wala chumba cha kulala.

KUIFUNDISHA KOMPYUTA

Vitu vyote vikiwa mahali pake, kompyuta bado ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Hupewa jedwali: upande mmoja mizunguko ya injini, upande mwingine mzigo, na katika kila chumba kiasi cha mafuta. Ili kulijaza jedwali hilo, kihisi cha oksijeni hufungwa kwenye bomba la moshi, kieleze kama mchanganyiko una mafuta mengi au machache. Bomba likivuja, kihisi hicho husema uongo. Kazi hii hufanyika juu ya mashine ya kupimia nguvu, pikipiki ikiwa imefungwa imara. Kuendesha barabarani huku jicho likitazama tarakimu ni kutafuta ajali.

Injini ya kupozwa kwa upepo huhitaji uangalifu wa ziada. Haina rejeta; joto lake lote huondoka kupitia mapezi na mafuta ya kulainishia. Ikipewa petroli kidogo mno chini ya mzigo mkubwa, hupata moto kupita kiasi, pistoni hutanuka na kukwama, na gurudumu la nyuma laweza kujifunga ghafla. Hivyo, katika mzigo mkubwa, fundi huongeza mafuta hadi gramu 12.5 au 13 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ziada hiyo husaidia kupoza. Aidha, mapezi yasipakwe rangi nene, wala yasizibwe na mapambo.

KIWANDA KILIVYOFANYA

Kijana asidhani kwamba viwanda viliupita mtihani huu kwa wepesi. Royal Enfield ilipolazimika kutimiza sheria za Ulaya kuhusu moshi, haikuifunga injeksheni juu ya injini ile ya kale tu. Iliunda injini mpya, bado ya silinda moja na ya kupozwa kwa upepo, ikaipa injeksheni. Kisha mwaka 2013 ilitoa Continental GT mpya ya sentimita za ujazo 535, yenye nguvu za farasi 29. Farasi saba tu kuliko Bullet ya zamani. Lakini kwa ajili ya hao saba kiwanda kilitafuta fremu mpya iliyosanifiwa na wataalamu wa Harris Performance wa Uingereza, na diski ya mbele ya milimita 300 yenye breki za Brembo. Pikipiki hiyo iliacha kutengenezwa baada ya miaka michache, ikafuatwa na nyingine ya silinda mbili. Somo lake limebaki.

Kiwanda cha Triumph nacho, kilipoipa Bonneville injeksheni kuanzia mwaka 2008, kiliuficha mtambo mpya ndani ya vifuniko vyenye umbo la kabureta, ili wapenzi wa sura ya kale wasihuzunike. Yaani sura yaweza kuhifadhiwa, almuradi kazi ya ndani imefanywa kwa ukamilifu.

MAMBO YA NYUMBANI

Limebaki jambo la kuzungumzwa mezani, mume na mke, au baba na mwanawe. Kafe-resa ina kiti kimoja. Haibebi mama kwenda zahanati, wala gunia la unga kutoka sokoni. Viganja na mgongo huchoka baada ya mwendo mrefu. Kama pikipiki ile ndiyo chombo pekee cha nyumba, heri irudishwe katika hali yake ya asili, na kabureta yake isafishwe. Itawafaa wengi zaidi.

Ikiwa uamuzi ni kuibadilisha, mifupa yake isikatwe. Kipande cha nyuma cha fremu kikishaondolewa kwa msumeno, hakirudi. Kiti na vikanyagio vifungwe kwa bolti, na kila kipuri cha zamani kisafishwe, kipakwe mafuta na kutunzwa katika sanduku lenye jina. Mjukuu atakayekuja huenda akataka kuiona pikipiki kama babu alivyoipanda. Vilevile bima na wakaguzi wa magari waarifiwe. Chombo kilichobadilishwa bila kusajiliwa chaweza kumletea mwenyewe hasara kubwa siku ya ajali.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, wala hawakuwa na pikipiki. Anayeanza na breki, akafuata umeme, akafuata mafuta, akamaliza na mapambo, atakawia miezi mingi. Lakini jioni atakapoiwasha mara ya kwanza, watu wa nyumba yake watasikia mlio ukitoka nje ya ua, na baada ya saa moja watausikia ukirudi.